Mji Uliotafuta Chakula Kisicho na Dhambi

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, mgeni aliyeingia ukumbi wa chakula wa hospitali ya Battle Creek, jimbo la Michigan, alilakiwa na neno moja lililotundikwa kwa herufi kubwa: Fletcherize. Kwa Kiswahili cha mezani, maana yake ni tafuna. Tafuna mpaka tonge liwe maji mdomoni, tafuna mpaka lishuke lenyewe bila kumezwa. Mbele yake iliwekwa karatasi ya vyakula iliyoonyesha protini, mafuta na wanga wa kila sahani, kwa kalori. Nyama haikuwemo. Chai haikuwemo, kahawa haikuwemo, siki, haradali na pilipili manga vilipigwa marufuku. Palikuwa na mkate wa ngano isiyokobolewa, karanga zilizosagwa, mtindi, matunda, na nafaka zilizookwa mpaka zikakauka. Palikuwa hata na wimbo wa kutafuna, na wageni waliuimba.

Wageni hao hawakuwa watu wa kuokotwa barabarani. Henry Ford alifika hapo, Thomas Edison alifika, na nyuma yao wafanyabiashara, wanasiasa na wake wa matajiri kwa maelfu. Walilipa pesa nzuri ili wanyimwe nyama, wapigwe bomba la maji tumboni na washindishwe kwenye mazoezi. Mwenyeji wao alikuwa daktari mfupi mwenye ndevu ambaye uzeeni alikuja kuvaa nyeupe tupu kuanzia kiatu hadi koti. Aliitwa John Harvey Kellogg. Wengi wamelisoma jina hilo kwenye boksi la konfleksi bila kujua kwamba boksi lenyewe liliwagombanisha ndugu wawili mpaka mahakamani.

Watu hao walifuata vitu viwili vilivyopakuliwa sahani moja. Cha kwanza kilikuwa afya, ambayo mtu anaweza kuipima: analala vizuri, anapanda ngazi bila kuhema, anakwenda chooni bila taabu. Cha pili kilikuwa usafi, na usafi ukishaanza kutafutwa kwenye sahani haujui pa kukoma. Leo inaondolewa nyama, kesho chumvi, keshokutwa inahesabiwa idadi ya kutafuna.

Mambo hayakuanzia kwa Kellogg. Yalianzia kwenye mkate.

Sylvester Graham alizaliwa Suffield, Connecticut, mwaka 1794, mtoto wa uzeeni wa mchungaji aliyekuwa amepita miaka 70. Naye akawa mchungaji, na mwaka 1830 akachukuliwa na chama cha kupinga ulevi mjini Philadelphia kuhubiri dhidi ya pombe kali. Miaka miwili baadaye kipindupindu kikaingia Marekani. Wakati huo madaktari wengi waliwaonya watu wasiguse matunda wala mboga, na wakawahimiza kula nyama na kunywa mvinyo kidogo. Graham alisimama New York akasema kinyume chake: maji safi, mboga, matunda, kuoga, kulala mapema, na mkate wa unga ambao pumba zake hazijachungwa. Kumbi zikajaa.

Kwa lugha ya sokoni kwetu, Graham alikuwa akihubiri dona. Na alikuwa na hoja. Katika miji mikubwa ya zama zile, waokaji wengine waliupa mkate wao weupe kwa kuchanganya chaki au plasta, na mnunuzi hakuwa na namna ya kujua. Katika kitabu chake cha mwaka 1837 kuhusu mkate na namna ya kuuoka, Graham alitaka kazi hiyo irudi nyumbani mikononi mwa mama, ambaye hana sababu ya kuwalisha wanawe chaki. Waokaji na wachinjaji wa Boston hawakufurahi. Mwaka huohuo walikusanyika nje ya jengo alimokuwa akihutubia, na wafuasi wake wakawamwagia chokaa kutoka madirisha ya juu. Ugomvi juu ya unga wa ngano ukawa vita vya mtaani.

Tatizo ni kwamba Graham hakuishia kwenye chaki. Aliamini kwamba nyama, haradali, pilipili na kahawa huchemsha damu, na damu ikichemka huamsha tamaa za mwili, na tamaa ndizo mzizi wa maradhi. Godoro lilipaswa kuwa gumu, maji ya kuoga baridi. Hapo chakula kilikuwa kimeacha kuwa suala la tumbo, kimekuwa suala la roho. Chuo cha Oberlin huko Ohio kiliwalisha wanafunzi wake kwa utaratibu wa Graham katika miaka ya 1830, na simulizi za chuo hicho zinamtaja mwalimu aliyepoteza kazi baada ya kung'ang'ania kuja na pilipili manga yake mezani. Kufikia mwaka 1841 watu walichoka, na nyama ikarudi jikoni. Graham mwenyewe alifariki mwaka 1851 akiwa na miaka 57, umri ambao kwa mtu aliyewaahidi wengine maisha marefu uliwapa wapinzani wake cha kusema kwa muda mrefu.

Kuhusu pumba, hata hivyo, kuku walikuja kumtetea. Mwishoni mwa miaka ya 1880, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo, akichunguza beriberi, ugonjwa uliowalegeza miguu askari na wafungwa. Kuku wa maabara yake nao wakaanza kupepesuka na kuanguka. Kisha, ghafla, wakapona. Alipofuatilia aligundua kwamba kwa miezi kadhaa walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe kutoka jikoni la hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya ambaye hakuona kwa nini mchele wa jeshi upewe kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa, nao wakasimama. Dawa ilikuwa kwenye pumba zilizokuwa zikitupwa. Kile kilichomo ndani yake leo kinaitwa vitamini B1, na Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Hakukuwa na dhambi yoyote katika wali mweupe. Ulipungukiwa na kitu, basi.

Lakini Battle Creek ilikuwa imekwisha kuinuka kabla kuku wale hawajaugua. Mnamo Juni 1863, katika kijiji cha Otsego, Michigan, Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa la Waadventista Wasabato lililokuwa limeundwa rasmi wiki chache tu kabla, alieleza kwamba ameonyeshwa katika maono jinsi watu wa Mungu wanavyopaswa kuishi: waache pombe na tumbaku, waache nyama ya nguruwe, watumie maji, hewa na jua. Ni vigumu leo kuona jinsi ushauri huo ulivyokuwa ahueni. Mmarekani wa kawaida wa siku zile alikula nyama ya nguruwe ya chumvi asubuhi, mchana na jioni, na akiugua daktari alimtoa damu au alimnywesha dawa ya zebaki. Mtu aliyeambiwa anywe maji, ale tufaha na afungue dirisha alikuwa amepunguziwa njia moja ya kufa. Mwaka 1866 kanisa likafungua nyumba ya matibabu Battle Creek.

Miaka kumi baadaye nyumba hiyo ilikabidhiwa kijana wa miaka 24 ambaye familia ya White ilikuwa imesaidia kumsomesha udaktari New York. Kellogg aliikuta ndogo na dhaifu, akaifanya kubwa kuliko zote za aina yake. Ilipoteketea kwa moto Februari 1902, aliijenga upya na kuifungua mwaka uliofuata. Alikuwa daktari wa upasuaji hodari, mfanyakazi asiyejua kulala, na mzungumzaji ambaye angeweza kumshawishi simba ale majani.

Mwaka huohuo wa 1903 kanisa lake lilifika Afrika Mashariki. Wamisionari wa Kijerumani walipanda milima ya Upare ya Kusini na kuanzisha kituo karibu na Giti. Mwaka 1906, Mkanada Arthur Carscallen na mwenzake Peter Nyambo kutoka Malawi walifungua kituo cha Gendia, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Walikuja na Biblia, shule na dawa, na pia orodha ya vyakula. Ndiyo maana mpaka leo, kutoka Nyanza hadi Mara, Msabato anayejua mila ya kanisa lake humtazama samaki mara mbili kabla ya kununua: mwenye magamba anapita, kambale anabaki kwenye beseni la muuzaji. Kwa waumini walio wengi hayo ni mazoea ya imani tu, kama wengine walivyo na yao, na hayawakoseshi usingizi. Kule Battle Creek, daktari alikuwa anakwenda mbali zaidi.

Chakula cha asubuhi kilimsumbua sana. Tayari mwaka 1863 James Caleb Jackson, mwenye nyumba ya tiba ya maji huko Dansville, New York, alikuwa ametengeneza kitu alichokiita Granula: unga wa Graham uliokandwa, ukaokwa, ukavunjwa, ukaokwa tena mpaka ukawa kama kokoto. Ulilowekwa kwenye maziwa usiku kucha ili asubuhi meno yaweze kuingia. Kellogg akatengeneza yake kwa jina lilelile, Jackson akalalamika, na Kellogg akabadili herufi moja: Granola. Wagonjwa wake pia walipewa mkate uliookwa mara mbili, mgumu kama kigae. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kuhusu bibi mmoja aliyevunja meno yake ya bandia kwa mkate huo na kumdai dola 10.

Mwaka 1894 wakawa wanajaribu kitu laini. Jioni, jikoni, daktari na mdogo wake Will Keith walichemsha ngano na kuipitisha katikati ya rola mbili. Ilitoka ikiwa utando unaonata ambao iliwabidi waukwangue kwa kisu. Siku moja chungu cha ngano iliyochemshwa kilisahaulika wakati wakishughulikia jambo lingine. Ngano ikalala, ikaanza kuchacha kidogo. Will hakutaka kuitupa. Walipoipitisha kwenye rola, kila punje ilitoka peke yake, bapa, nyembamba kama ganda la kitunguu. Na ilipookwa ikawa kavu na nyepesi, ikilia kwenye meno bila kuyavunja. Aprili 1896 daktari alipewa hataza ya Serikali ya Marekani kwa njia hiyo. Jina la Will halikuandikwa humo.

Will alikuwa meneja, mhasibu, mlinda mlango na karani. Watu wa Battle Creek walimwona akikimbia kando ya kaka yake aliyepanda baiskeli, akiandika maagizo huku akihema. Mambo hayo yalikuja kulipwa baadaye.

Horace Fletcher, yule ambaye jina lake lilitundikwa ukutani, hakuwa daktari. Alikuwa mfanyabiashara wa Kimarekani mnene aliyenyimwa bima ya maisha katika miaka ya 1890 na kushtuka. Aliamua kutafuna. Alitafuna tonge mpaka likaisha ladha. Alisimulia kwamba kitunguu kidogo kimoja kilimchukua mara 722. Akapungua uzito, akapata nguvu, na mwaka 1903, akiwa na miaka 54, alipimwa katika Chuo Kikuu cha Yale na kuwashangaza wanamichezo vijana. Kwa nini alipungua si siri: mtu anayetafuna kiasi hicho anachoka kabla hajashiba, kwa hiyo anakula kidogo. Fletcher aliona sababu kubwa zaidi. Alidai kwamba chakula kilichotafunwa sawasawa kinatoka mwilini kikavu, kidogo, bila harufu, na hakusita kuwatumia wanasayansi ushahidi wake kwa posta. Mwandishi Henry James alimfuata, na tajiri John D. Rockefeller pia. Karamu za kutafuna zilifanyika London na New York, watu wakikaa kimya mezani taya zikienda kama za ng'ombe jioni. Karamu ambayo hakuna anayezungumza ni kitu cha kuhuzunisha, lakini hilo halikuonekana kuwasumbua.

Nyuma ya taya zile kulikuwa na hofu ya utumbo. Madaktari wengi wakubwa wa wakati huo waliamini kwamba chakula kinachokaa muda mrefu kwenye utumbo mpana huoza, sumu yake huingia kwenye damu, na hapo ndipo yanapotoka maumivu ya kichwa, uchovu, huzuni na uzee. Ilya Metchnikoff wa Paris, aliyepata Nobel mwaka 1908 kwa kazi nyingine, alisifia mtindi kwa sababu hiyo. Arbuthnot Lane wa London alikwenda hadi kukata na kutoa utumbo mpana wa watu wenye shida ya choo. Kellogg alitaka kila mtu aende haja kubwa mara tatu au nne kwa siku. Mgonjwa wake alisafishwa kwa mashine ya maji, kisha akapewa mtindi kwa njia mbili, nusu kwa mdomo na nusu kwa bomba.

Aliyeijibu hofu hiyo alitumia pamba. Mwaka 1919 daktari Walter Alvarez aliandika katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani jinsi alivyowajaza vijana wenye afya pamba kwenye njia ya haja kubwa. Mara wakapata kichwa kizito, uchovu, na kukosa hamu ya kula: yote yaliyodaiwa kuletwa na sumu. Pamba ilipotolewa, dalili zikaisha papo hapo. Sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu isingeweza kutoka kwa dakika chache, na pamba haitoi sumu. Mwili ulikuwa unalalamikia kubanwa tu. Miongo ikapita, na biashara ya kusafisha utumbo na kutoa sumu mwilini bado inastawi, na Alvarez hatajwi.

Haifai kudhani kwamba kila aliyejali usafi wa chakula siku zile alikuwa na wasiwasi wa bure. Wakati Kellogg akihesabu safari za chooni, Harvey Wiley, mkemia mkuu wa wizara ya kilimo mjini Washington, alikuwa ameweka meza kwenye chumba cha chini cha ofisi yake. Kuanzia mwaka 1902 vijana 12 wa kujitolea walikula hapo bure, kwa sharti moja: chakula chao kilitiwa dawa ambazo viwanda vilikuwa vikitumia kuhifadhi vyakula, kuanzia na boraksi. Dawa ya kuhifadhia maiti, fomalini, ilikuwa ikitiwa kwenye maziwa ya kuuza. Vijana waliumwa kichwa, walitapika, walipungua uzito. Juni 1906 Marekani ikapata sheria ya chakula na dawa safi. Wiley alitaka kujua kitu kimoja ambacho kinajibika: kiasi gani cha kitu gani kinamdhuru nani. Kenya ilijifunza uzito wa swali hilo mwaka 2004, pale mahindi yaliyovunda na kuota kuvu ya sumu yalipoukumba ukanda wa Makueni na Kitui. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwenye kuyakagua mahindi yake baada ya hapo hawezi kuitwa mgonjwa wa akili.

Mwaka huohuo wa 1906 Will alijitenga na kaka yake. Alikuwa amechoka kuona wengine wakitajirika. Mgonjwa mmoja wa zamani wa hospitali, C. W. Post, aliyelazwa mwaka 1891, alikuwa ameondoka na kuanza kuuza kinywaji cha nafaka mwaka 1895 na Grape-Nuts mwaka 1897, na sasa alikuwa milionea. Makumi ya kampuni za nafaka zilikuwa zimechipuka mjini. Will alichukua mahindi badala ya ngano, akaweka kimea, chumvi na sukari. Sukari! Daktari aliona ni usaliti. Kwake sukari ilikuwa karibu na pombe kwa ubaya. Will akaandika sahihi yake kwenye boksi ili watu wajue Kellogg wa kweli ni yupi, na kesi kati yao zikaendelea mpaka mahakama ya juu ya Michigan ilipompa Will ushindi mwaka 1920. Chakula kilichobuniwa ili kupoza tamaa kikauzwa duniani kwa sababu ni kitamu.

Daktari naye alikuwa amegeukia usafi mwingine. Kanisa lilimtenga mwaka 1907, baada ya mabishano ya mafundisho na ya nani mwenye hospitali. Yeye na mkewe Ella, ambao hawakuzaa, walilea watoto 42, wengi wao yatima. Ni jambo la kumsifu, na ndilo linalofanya kinachofuata kiwe kigumu kusoma. Januari 1914 aliita Battle Creek mkutano wa kitaifa wa kile alichokiita kuboresha jamii ya wanadamu, chini ya taasisi aliyoianzisha mwenyewe. Waliokusanyika walijadili nani azae na nani asizae, nani ana damu nzuri na nani ana damu ya kuharibu taifa. Kellogg alitaka liwepo daftari la familia zenye asili bora. Lugha ilikuwa ileile ya ukumbi wa chakula: kuchafuliwa, sumu, kuoza, kusafisha. Safari hii yaliyotakiwa kusafishwa hayakuwa matumbo.

Hospitali ilijenga mnara mkubwa mwaka 1928. Mwaka uliofuata uchumi ukaanguka, matajiri wakaacha kuja, na mwaka 1933 ikawa mikononi mwa wadai. Mwaka 1942 jeshi lilinunua majengo na kuyafanya hospitali ya majeruhi. Kellogg alifariki Desemba 1943 akiwa na miaka 91. Will, aliyekula nyama na chaza alivyopenda, alifariki mwaka 1951. Naye alikuwa na miaka 91.

Ugonjwa uliotembea kwenye korido za Battle Creek ulikuwa bado hauna jina. Ulilipata mwaka 1997, kutoka kwa daktari wa Kimarekani aliyeujua kwa kuwa nao. Steven Bratman aliwahi kuwa mpishi na mkulima katika jumuiya ya watu walioishi pamoja jimbo la New York miaka ya 1970. Jikoni kwake kila kundi lilikuwa na sheria yake: hawa hawali maziwa, wale hawataki kitunguu wala saumu, wengine hawali kilichopikwa. Yeye mwenyewe alifikia mahali pa kutokula mboga iliyopita dakika 15 tangu ing'olewe, kutafuna kila tonge mara 50, na kula peke yake mahali pa kimya. Alijiona safi na kuwaona wengine wachafu. Aliandika makala katika jarida la yoga akaiita hali hiyo orthoreksia, kutoka Kigiriki, yaani hamu ya kula iliyo sahihi. Jina lilianza nusu kwa utani, ili wagonjwa wake wajicheke kidogo. Kisha watu wakamwandikia kwamba hawakuona cha kucheka.

Mwongozo mkuu wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la 2013, haukuiorodhesha, na wataalamu bado wanabishana mipaka yake. Dalili zenyewe hazina utata mwingi: siku nzima inaliwa na kupanga mlo, kosa dogo linaleta majuto kama ya dhambi, orodha ya vinavyoruhusiwa inafupika kila mwezi, mwili unakonda kwa kukosa virutubisho na marafiki wanapungua. Kwa msomaji wa Pwani, dalili iliyo rahisi kuielewa ni ya mtu asiyeweza tena kula pilau ya harusi ya ndugu yake, ilhali hana kisukari wala shinikizo la damu, na mkono wake unatetemeka sahani inapofika.

Nao waliokula kwa kiasi? Watafiti wa Loma Linda, California, wamewafuatilia Wasabato wa jimbo hilo kwa miongo mingi. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba wanaume wao waliishi miaka zaidi ya 7 kuliko wanaume wengine wa California, na wanawake zaidi ya 4. Mboga zilihesabika, lakini pia kutovuta sigara, mazoezi, na kutonenepa mno. Wengi waliohesabiwa walikuwa wakila nyama. Hakuna aliyehesabu kutafuna.

Na pumba za Graham zilirudi kwa njia ya Uganda. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi huko tangu 1946 hadi miaka ya 1960, Lira kwanza kisha Mulago. Aliporudi London alijiuliza kwa nini kule karibu hakupasua kidole tumbo wala kuona bawasiri na uvimbe wa utumbo uliojaa katika hospitali za Uingereza. Rafiki yake Hugh Trowell, aliyetibu utapiamlo wa watoto Mulago, alikuwa na swali hilohilo. Burkitt aliziandikia hospitali za misheni kote Afrika kuwauliza madaktari walichokuwa wakikiona. Kisha yeye na wenzake wakawapa watu vijidonge vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, wakakusanya choo kwenye mifuko, wakakipima na kukipiga picha ili kujua vijidonge vimetumia saa ngapi njiani. Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1972: wanavijiji wa Afrika walipata choo kingi na cha haraka, mabaharia na wanafunzi wa Uingereza kidogo na cha kuchelewa. Nyuzinyuzi zikawa neno la kila daktari, na pumba za ngano zikapanda hadhi madukani Ulaya na Marekani. Wanavijiji waliozua yote hayo walikuwa wamekula ulezi, maharage na viazi vilivyokuwepo shambani, wakizungumza mezani.

Siku hizi Marekani kuna biskuti zinazobeba jina la Graham. Nyingi zina unga mweupe na sukari, na watoto huzibana na chokoleti na peremende laini iliyochomwa motoni.

Kwetu, dona imebaki na harufu ya shule ya bweni, jela na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mgeni wa heshima akija hupikiwa sembe, tena ile nyeupe inayong'aa. Hivi karibuni dona imeanza kuonekana kwenye rafu za supamaketi, ndani ya pakiti zenye picha ya mtu anayekimbia. Lakini kwenye mashine ya mtaani, mwenye mashine aliyejaa unga mpaka kope bado anauliza swali lake lilelile, akipaza sauti kushinda mota: unakoboa au unasaga dona? Mama aliyeshika debe anajibu anakoboa. Sembe inaingia kwenye ndoo yake. Pumba zinashuka upande wa pili, kwenye kiroba, na jioni atakuja mtu kuzinunua, awapelekee kuku.